Kiboko, Stendi Yake na Mgongo Wangu

Wanaokuja kuniuliza habari za mgongo wangu hutaka kwanza kusikia habari za jini. Nawaambia hakukuwa na jini. Kulikuwa na pikipiki, kulikuwa na wanaume waliokaa wakitazama, na kulikuwa na mimi niliyeinama vibaya. Wengi wakisikia hivyo huona hakuna la maana, humaliza chai yangu wakaaga. Wewe uliyebaki, kaa nikueleze. Huenda nawe una kitu kizito nyumbani kwako, na watu wa kukusifu ukikiinua.

Naitwa Hawa. Baba yangu alikuwa mtu wa Kibiti, mama mtu wa Mbwera, kule visiwani ambako mto Rufiji unagawanyika vijito vingi kabla haujaingia baharini. Utotoni nililelewa Mbwera kwa bibi yangu mzaa mama, na huko ndiko nilikojifunza namna ya kushughulika na kitu kizito. Maji yakipwa, mtumbwi unabaki juu ya tope. Watu wa kwetu hawaulizani. Unakwenda nyuma ya mtumbwi, unatanua miguu, unainama, unashika kwa mikono miwili, unavuta kwa kiuno huku ukijitupa nyuma. Tope linateleza, mtumbwi unakuja. Anayeweza kuuvuta peke yake anasifiwa kijiji kizima. Mimi nilisifiwa nikiwa bado mdogo. Hakuna aliyesema kwamba kinachosaidia pale ni tope. Sifa zote walipewa wenye viuno, na wenye viuno tulizikubali.

Baba alinunua pikipiki miaka ile tulipoambiwa biashara ni ruksa. Kabla ya hapo duka la Kibiti lilikuwa na rafu tupu na mwenye duka aliyesinzia. Mara mitumba ikaja, nguo za kila rangi, na baba akawa anachukua robota la mitumba Kibiti, anavuka mto kwa pantoni, anauza Mohoro, anarudi na mchele na samaki wakavu. Pikipiki yake ilikuwa kuukuu, kubwa, nyeusi, ya namna iliyotengenezwa wakati chuma kilikuwa hakionewi huruma. Aliiita Kiboko, na kweli ilikuwa na tumbo la kiboko na hasira ya kiboko. Stendi ndogo ya pembeni, ile ya kuilaza kidogo, ilivunjika zamani, ikachomelewa, ikavunjika tena. Ilibaki stendi kubwa, yenye miguu miwili, iliyo chini ya tumbo. Ukiisimamisha kwa hiyo, gurudumu la nyuma linainuka juu ya ardhi na pikipiki inakaa wima kama mtu mwenye adabu zake.

Mama alifariki kwa uzazi, nami nikarudishwa Kibiti. Baba hakutaka kuwaachia watu wengine binti zake, kwa hiyo akawa ananipakia nyuma, na baadaye akanifundisha kuendesha katika uwanja wa mpira. Watu walisema sana. Baba aliwajibu kwamba mdomo ni mali ya mwenyewe. Lakini kila tulipofika mahali na kushuka, aliniambia, "Hiyo stendi niachie mimi." Nikamwachia. Hivyo nikajua kila kitu cha Kiboko isipokuwa hicho kimoja.

Homa ikamchukua baba naye. Niliacha shule darasa la sita. Chini yangu kulikuwa na Pili, na chini ya Pili kitinda mimba wetu Asha, na hapakuwa na mwingine wa kuwalisha.

Siku ya arobaini, baada ya watu kula, mdogo wake baba, Ami Mbonde, alijifuta ndevu akaiangalia Kiboko iliyosimama uani. Mirathi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Yeye alipata mikorosho, sisi tukapata nyumba na pikipiki, na sikuwa na ugomvi na sheria ya Mungu. Ugomvi wangu ulikuwa na macho yake.

"Binti Hawa," akasema, "chuma hiki nyie watoto wa kike mnakifanyia nini?"

"Biashara ya baba, Ami."

"Utaipanda?"

"Naipanda. Umeniona."

"Kupanda hata mbuzi hupandishwa. Kuisimamisha je?"

Wazee waliokuwa mkekani wakacheka. Ami alipenda kucheka mbele ya watu wengi. Akaendelea, "Basi tusemezane mbele ya hawa wazee. Siku pikipiki hii ikilala hapa uani na nyumba hii haina wa kuisimamisha, mie nitaichukua, niiuze, nikuleeni."

Mzee mmoja akasema, "Hilo ni la haki. Chombo ni cha anayekiweza."

Wengine wakaitikia kwamba ni la haki. Hao ni watu ambao redio zao zikinyamaza wanazipiga makofi, lakini siku ile wote walikuwa mafundi wa kujua nani anakiweza chombo na nani hakiwezi. Nikasema sawa. Pili akanifinya mkono chini ya khanga, lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Walipoondoka niliishusha Kiboko nikajaribu kuipandisha. Ungeniuliza ningeipandishaje, ningekucheka. Mimi ni mtu wa Mbwera. Nilisukuma stendi chini kwa ncha ya mguu, nikasogea nyuma, nikatanua miguu, nikainama, nikashika keria kwa mikono miwili, nikavuta kwa kiuno huku nikijitupa nyuma. Kiboko ikaguna, ikapanda. Kiunoni nikasikia joto. Nikadhani ni joto la ushindi.

Nikafanya hivyo muda mrefu. Asubuhi nikiamka nilikuwa siwezi kuinama kunawa uso mpaka nimetembea kidogo. Nikikaa juu ya mkeka, kuinuka kulitaka nishike ukuta. Nilimwambia Pili ni uchovu. Pili akasema, "Uchovu gani unakaa mahali pamoja?" Nikamwambia anyamaze achekeche mchele.

Pale kivukoni palikuwa na benchi, na juu ya benchi palikuwa na wanaume. Sijawahi kujua walikuwa wakingoja nini, maana pantoni ilikwenda ikarudi na wao walikuwa palepale. Kazi yao ilikuwa kunitazama. Mshika kamba wa pantoni alikuwa na sharti moja, na lilikuwa sharti zuri: pikipiki isimame kwa stendi yake mpaka ng'ambo, kwa sababu mto ukisukuma, pikipiki iliyoshikwa na mtu itaanguka na mtu wake. Kwa hiyo kila nilipovuka, wale wa benchi walipata tamasha.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Bati la pantoni lilikuwa limelowa. Robota lilikuwa bado limefungwa kwenye keria, maana niliona uvivu kulifungua kisha kulifunga tena. Miguuni nilivaa ndala.

"Da Hawa, tukusaidie?" mmoja akaita bila kuinuka.

"Mwache," mwenzake akasema. "Huyo si mwanamke, huyo dume. Anavuta mitumbwi huyo."

"Vuta, dume, tuone."

Nikatanua miguu, nikainama, nikavuta.

Nilisikia kitu ndani ya mgongo kikilia kama ukuti mbichi unapokunjwa mpaka ukavunjika. Hakikuuma mara ile. Kwanza miguu yote miwili iliondoka, kama mtu aliyekatwa magoti, kisha maumivu yakaja kwa pamoja, yakateremka kutoka kiunoni, yakapita katika tako la kushoto, nyuma ya paja, pembeni ya shavu la mguu, mpaka kidole gumba. Ilikuwa kama mtu ameingiza waya uliotoka motoni na anauvuta taratibu. Nikalala kifudifudi juu ya bati lililolowa, mdomo ukiwa kwenye maji ya matope.

Pikipiki ilisimama. Mimi ndiye niliyelala.

Kule kwenye benchi walikuwa wameanza kupiga makofi kabla hawajaona. Nasema haya kwa sababu sifa hizo bado nazisikia, na kama nawe unaishi kwa kupigiwa makofi na watu waliokaa, ujue ndio kipimo chake.

Dereva wa lori lililokuwa likirudi Kibiti alinipakia pamoja na Kiboko, Mungu amlipe, akatushusha nyumbani. Mimi nikaingizwa ndani, Kiboko ikaegemezwa ukutani uani. Pale ikabaki. Kutoka kitandani niliweza kuona usukani wake kupitia mlangoni.

Sasa nitakueleza ugonjwa, na sitaupamba. Sikuweza kukaa. Sikuweza kulala chali wala kifudifudi, ila ubavu wa kulia tu, magoti yakiwa yamekunjwa kama mtoto tumboni. Nikikohoa, niliona nyota. Nikipiga chafya, nililia. Choo kilikataa, kwa sababu kujikamua kulinitoa roho, nikawa naogopa kula ili nisihitaji kwenda. Pili aliniletea beseni, akanigeuza, akanisafisha, akanibadilisha khanga, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha yeye alipokuwa mdogo. Niliswali nimelala, kwa macho.

Wageni wakaja. Wageni wa mgonjwa wa kwetu ni watu wa kukaa. Walijaza chumba, wakamaliza sukari, wakanitazama kwa huruma kana kwamba nimekwisha kuvishwa sanda. Kila mmoja alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Ni baridi. Ni hasadi. Ni kupanda chombo cha kiume. Jirani yetu mmoja alisema mwanamke akipanda pikipiki kizazi chake hupanda mgongoni, na wenzake wakatikisa vichwa kama watu waliosomewa kitabu.

Mganga alikuja bila kuitwa. Akasema ni jini la njiani, limenipenda, linataka kanzu nyeupe na uvumba. Nilimuuliza kwa nini jini linalonipenda limekaa kwenye tako. Akasema mgonjwa mwenye kiburi hachukui muda kufa. Akaondoka, lakini alikula kwanza.

Baada yake akaletwa mkandaji, mwanamume mnene anayejulikana kwa kupanda juu ya migongo ya watu. Nilikataa. Majirani wakasema nakataa uzima. Wakanishika, akapanda. Alikanyaga kwa kisigino palepale penye kidonda kisichoonekana, na mimi nikapiga kelele mpaka Asha akakimbilia barabarani. "Umesikia ilivyolia?" mkandaji akawaambia watu. "Imerudi mahali pake." Tangu siku ile mguu wa kushoto haukuwa wangu. Ukinitekenya unyayo, sikusikia. Ukiniambia niinue kidole gumba, nilikitazama tu, nacho kikanitazama.

Na Ami Mbonde alikuja. Kila alipokuja alisimama kwanza uani.

"Naona imelala," alisema siku moja, kwa sauti ya kunifikia.

Pili alikuwa akitwanga. Hakuacha mchi. "Haijalala, Ami. Imeegemea."

"Kuegemea na kulala kuna tofauti?"

"Wewe ulisema ikilala. Wazee walikusikia. Hii imeegemea."

"Nani atakayeisimamisha? Dada yako?"

"Dada yangu hajafa."

"Sikusema amekufa. Nasema chuma kinaoza, na nyie mnakula nini?"

Pili akamjibu kwamba tunakula tulichokuwa tukila yeye alipokuwa haji kutuuliza. Nilicheka kitandani, na kucheka kukaniuma mpaka nikauma mto. Lakini maneno ya Ami yalikuwa ya kweli. Bila Kiboko hakukuwa na mitumba, bila mitumba Asha asingebaki shuleni, na bila mimi Kiboko ilikuwa ukuta wa pili tu.

Kilichotutoa ni mkojo. Asubuhi moja nilitaka kukojoa, nikashindwa, na tumbo la chini likavimba kama kibuyu. Pili hakuuliza mtu. Aliuza robota lililobaki, akatafuta lori la mpunga linalokwenda Dar es Salaam, akawaambia wapakiaji wapange magunia yawe bapa, wakanilaza juu yake. Barabara ya wakati ule unaijua au umeisikia. Kila shimo lilikuwa na jina langu. Pili alikaa kichwani pangu siku nzima, amenishikilia mabega nisiviringike, na kila nilipotukana alisema, "Tukana, dada. Hapa hakuna mtu."

Hospitali walinitoa mkojo kwa mpira, na kama hujawahi kupata nafuu ya namna ile hujui shukrani ni nini. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mchovu, asiyependa maneno. Alinipima miguu, akaigonga, akaichoma kwa sindano.

"Nani alikukanyaga mgongo?" akauliza.

"Mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?"

Akaniambia kwamba kati ya pingili mbili za uti wa mgongo kuna kisahani laini, na changu kimetoka mahali pake kikabana mshipa wa fahamu. Akasema nimechelewa, lakini si sana. Nililazwa juu ya ubao mgumu. Mshipa ukaanza kuachiliwa kidogo kidogo. Kwanza mkojo ulirudi wenyewe. Kisha ganzi ya paja ikageuka kuwa sisimizi, na sisimizi wakawa maumivu, na daktari akafurahi kwa maumivu hayo kuliko mimi.

Kisha alikuja mama wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono mikavu. Siku ya kwanza aliponiambia nikae, nilishika ukingo wa kitanda nikajivuta. Akanipiga kibao cha mkono.

"Unavuta nini?"

"Najiinua."

"Mwili hauvutwi. Lala ubavu. Sasa shusha miguu nje ya kitanda, iache ianguke yenyewe."

Nikashusha miguu. Ilipoanguka, kiwiliwili kikapanda. Nikajikuta nimekaa, bila kuvuta chochote, bila waya wa moto.

"Umeona?" akasema. "Kitu kikishuka upande huu, kingine kinapanda upande ule. Mgongo wako kazi yake ni kunyooka tu. Nyoosha, basi, nyamaza."

Nilirudia zoezi lile mpaka wagonjwa wenzangu wakachoka kuniona. Na ndipo, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, niliiona Kiboko akilini. Niliiona stendi yake, miguu miwili chini ya tumbo, na pembeni yake kile kiulimi cha chuma kinachochomoza. Miaka yote niliigusa ile stendi kwa ncha ya mguu kama mtu anayefukuza kuku, kisha nikakimbilia nyuma kuvuta. Sikujiuliza kiulimi kile kiliwekwa cha nini, na kwa nini kina upana wa unyayo wa mtu.

Daktari aliponiaga alisema, "Usiinue kitu kizito tena. Ukirudia, mguu huu hautarudi. Hiyo pikipiki uza."

"Nikiikanyaga bila kuiinua?"

Akanitazama kama anayepima iwapo namfanyia mzaha. "Kukanyaga si kuinua," akasema. "Ukiwa umesimama wima, kanyaga."

Nilirudi Kibiti na mkongojo. Ami alileta salamu kwamba Ijumaa baada ya sala atakuja na wazee, maana subira ina mwisho wake. Hakuuliza hali yangu. Nilimjibu aje.

Tukajaribu na Pili, yeye akiwa upande wa pili kuizuia isimwangukie mtu. Mara ya kwanza niliogopa mpaka jasho likanitoka kabla sijagusa chuma. Mchanga wa uani ukameza miguu ya stendi, na Kiboko ikayumba. Nikaiachia. Pili akaibeba kwa bega, ikarudi ukutani. Nilikaa chini. Kama ningeishika kwa kuivuta pale, kwa hofu tu, nisingekuwa hapa nikikueleza. Asha ndiye aliyesema, "Si muiwekee ubao?" Tukaleta kipande cha ubao wa mvule kilichobaki baba alipotengeneza mlango, tukakilaza chini ya stendi. Tukaleta kingine chembamba, tukakisogeza chini ya gurudumu la nyuma. Nikasimama wima. Nikakanyaga.

Ijumaa Ami alikuja na wazee walewale wa mkekani, na nyuma yake vijana wa kubeba na gari la kukodi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ajali haina kinga. Tumekuja kukupunguzia mzigo."

"Karibuni mkae," nikasema. "Pili, waletee wazee maji."

Nilikwenda kwa Kiboko nikauweka mkongojo kando. Nilivaa viatu vya baba vya ngozi, nimevijaza vitambaa vidoleni. Nikaiondoa ukutani, nikaisogeza mpaka kwenye ubao. Kijana mmoja akacheka, "Bibi, utaumia." Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.

Mkono wa kushoto ukashika usukani, wa kulia ukashika chuma cha keria. Nikateremsha stendi kwa unyayo wa kulia, nikaitikisa Kiboko kidogo mpaka nikasikia miguu yote miwili ya stendi imegusa ubao. Hapo nikamgeukia Pili.

"Wali umeutia chumvi?"

"Nimeutia."

Nikauweka uzito wangu wote juu ya kiulimi, nikanyoosha mguu kama mtu anayepanda ngazi. Mgongo ulikuwa umenyooka. Mikono haikuvuta, ilionyesha njia tu. Kiboko ikarudi nyuma, ikapanda, ikasimama. Ililia mara moja kwenye ubao, kisha ikawa kimya.

Uani hapakuwa na wa kupiga makofi. Wazee walitazamana. Ami akaisogelea Kiboko, akaizunguka, akainama kutazama chini kana kwamba kuna mtu amejificha.

"Kuna dawa hapa," akasema.

Kwa watu wa aina ile, mwanamke akijua kitu, ni dawa. Akishindwa, ni maumbile yake. Nikaisukuma Kiboko mbele, ikashuka. "Karibu, Ami," nikasema. "Nawe ujaribu. Chombo ni cha anayekiweza."

Akaitazama kanzu yake. Akasema ana wudhu. Yule mzee wa haki akakohoa, akainuka, akasema wali huo utaliwa siku nyingine, na wote wakafuata. Gari la kukodi liliondoka tupu. Nikaisimamisha tena, kwa raha yangu.

Baadaye mguu ulirudi, isipokuwa kidole gumba ambacho mpaka leo ni kizito kusikia. Nikarudi barabarani. Asha alimaliza shule. Wale wa benchi walinikuta siku ya kwanza nikifungua robota kabla ya kusimamisha pikipiki, nikiweka ubao wangu, nikikanyaga. Mmoja akasema, "Siku hizi dume limekwisha nguvu." Nikamwambia nguvu nimemwachia yeye, ataihitaji siku akitaka kuinuka hapo.

Miaka iliyofuata wanunuzi binafsi walianza kuja Kibiti kununua korosho, na Ami Mbonde, kwa mikorosho ya baba yangu, akanunua pikipiki. Nzito, mpya, na stendi ya kati. Nilimkuta nayo juu ya pantoni. Alikuwa amekwenda nyuma, ametanua miguu, ameinama, ameshika keria kwa mikono miwili. Benchi lilikuwa limejaa.

"Vuta, mzee, tuone," wakamwambia.

Nakiri nilimdharau Ami kwa muda mrefu, na dharau hiyo sijaimaliza. Ningeweza kukaa kwenye benchi nami nikatazama. Lakini nilikumbuka lile beseni. Nikaukumbuka ule waya. Nikajua kwamba kuna kitu kimoja ambacho siwezi kumwombea hata yeye.

"Ami, acha," nikasema. "Acha mara moja. Simama wima."

Akaacha, kwa mshangao tu. Nikamwambia kama ninavyokuambia wewe: shusha mzigo kwanza. Vaa viatu, si ndala. Tafuta mahali pagumu, na pasipo pagumu weka ubao. Simama kushoto kwake, karibu, si nyuma. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye keria au kiti. Usishike breki. Kanyaga kiulimi, na usiendelee mpaka umeisikia miguu yote miwili imegusa chini. Kisha simama juu yake, uzito wako wote, mgongo umenyooka, mguu ndio unaofanya kazi. Ikikataa, iachie iegemee kwako, upumue, uanze upya. Ukijikuta unavuta, umekosea. Na kama mgongo umekwisha kuuma, usimruhusu mtu aukanyage. Mguu ukifa ganzi au mkojo ukakataa, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama wageni bado hawajamaliza chai.

Ami akakanyaga. Ikapanda. Akaitazama pikipiki yake, akanitazama mimi, kisha akageukia benchi, akajikung'uta mikono.

"Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu," akawatangazia. "Mie ndiye niliyemfundisha."

Wakampigia makofi. Pili, ambaye siku ile nilikuwa nimempakia nyuma, alifungua mdomo. Nikamgusa paja anyamaze. Namshukuru Mungu aliyenirudishia miguu, namshukuru yule daktari mchovu na yule mama wa mikono mikavu, na zaidi ya wote namshukuru Pili, aliyenibeba kwa beseni na kwa magunia na hakunihesabia. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye benchi.

Pantoni ikagota ng'ambo. Niliishusha Kiboko, nikafunga robota, nikaondoka kwenda Mohoro, nimekaa wima.